Lichess siyo ya blitzi tu: nimeifumua gemu ya Kasparov na Topalov toka ufunguzi, hii hapa rivyu yangu

Wadau wa chesi, hii rivyu nawaandikia zaidi wale ambao tayari wana akaunti Lichess lakini kazi yao ni kufungua, kucheza blitzi za dakika tatu tatu mpaka usiku wa manane, af wanafunga. Siwakatazi, blitzi tamu. Ila kuna upande mwingine wa huu mtandao ambao naona watu wengi hawaugusi kabisa, na kwangu mimi huo ndo wenye thamani kubwa kuliko yote, yani unaweza kuchukua gemu moja ya mashindano makubwa, ukaifungua kuanzia hatua ya kwanza ya ufunguzi mpaka mtu anaposalimu amri, ukiwa na vifaa karibu vilevile anavyotumia grandmasta (mchezaji wa daraja la juu kabisa), kwenye simu ya kawaida, bila kulipa hata shilingi. Na kuna mpangilio wa kutumia hivyo vifaa. Ukianza na injini, ile programu inayokokotoa hatua bora, umeharibu. Nitaeleza.

Kwa asiyejua kabisa, Lichess ni mtandao wa chesi wa bure ulioanzishwa 2010 na Mfaransa anaitwa Thibault Duplessis. Unaendeshwa na shirika lisilo la faida huko Ufaransa, kwa michango ya watu, hakuna matangazo, na msimbo wa programu uko wazi mtu yeyote ausome. Ukichangia unapata kialama cha bawa pembeni ya jina lako, basi, vifaa unavyopata ni vilevile anavyopata ambaye hajachangia chochote. Hilo la mwisho naliheshimu sana, maana hapa kwetu mtoto wa shule mwenye kipaji hana kadi ya benki ya kulipia huduma za nje kila mwezi, na hapo wengi ndo wanaishia.

Gemu niliyoichagua kuupimia huu mtandao ni ya Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia toka 1985, na Veselin Topalov wa Bulgaria, Wijk aan Zee, Uholanzi, tarehe 20 Januari 1999. Wijk aan Zee ni kijiji tu cha pwani ya Bahari ya Kaskazini, karibu na kiwanda cha chuma, na kile kiwanda ndo kilikuwa kinadhamini mashindano, kwa hiyo mwaka ule yalikuwa bado yanaitwa Hoogovens, baadae yakaitwa Corus na sasa ni Tata Steel. Kasparov aliyachukua yale mashindano kwa pointi 10 katika gemu 13, Anand akamfuata kwa 9.5. Lakini ukimuuliza mpenda chesi yeyote anakumbuka nini cha Wijk aan Zee 1999, hatakutajia msimamo, atakutajia hii gemu. Na wengi wanaikumbuka kuanzia hatua ya 24, pale ngome inapotolewa kafara, yani inaachwa iliwe kwa makusudi. Video nyingi zinaanzia hapohapo. Mimi nilitaka kujua hatua 23 za kabla zilikuwa zinafanya nini.

Kuiingiza gemu ni rahisi. Unaenda sehemu ya Studi, unafungua studi mpya, unabandika maandishi ya gemu (ile PGN) na yenyewe inajipanga. Studi moja inabeba sura mpaka 64, kwa hiyo gemu moja unaweza kuikata vipande ukaipa kila kipande sura yake, ukaandika maelezo yako kwa Kiswahili chini ya kila hatua, ukachora mishale na kuweka rangi kwenye miraba. Unaamua iwe ya wazi, ya siri, au ya mwenye linki tu. Na unaweza kumwalika mwenzako mkaichambua kwa pamoja kila mtu akiwa kwake, yeye akisogeza farasi na wewe unaona hapohapo. Kwa watu wa klabu hii ni kitu kikubwa sana, sema tu wengi hatuitumii.

Sasa ufunguzi. Kasparov nyeupe, kacheza e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake; ikitajwa miraba tu bila kipande, kilichosogea ni kitunda, kile kipande kidogo cha mbele), Topalov kajibu d6, af d4, farasi f6, farasi c3, g6. Lichess yenyewe inakuandikia jina juu: Pirc. Ni jina la grandmasta wa Slovenia, Vasja Pirc, aliyezaliwa 1907. Wazo lake ni kumwachia nyeupe katikati yote ajenge, af weusi waje kuishambulia baadae, huku askofu amekaa g7 anaangalia ule mstari mrefu wa mshazari. Siyo ufunguzi wa wanyonge. Fischer aliucheza dhidi ya Spassky kwenye gemu ya 17 ya mechi yao ya ubingwa wa dunia Reykjavik 1972, wakatoka sare. Ila ni ufunguzi unaotaka ujue unachofanya, maana ukizubaa kidogo unabanwa mpaka unakosa pa kupumulia.

Hapa ndo unabonyeza ile alama ya kitabu. Inafunguka orodha ya hatua zote zilizowahi kuchezwa kwenye hiyo nafasi, kila moja na idadi ya gemu zake na kale kamstari kenye rangi tatu, nyeupe zimeshinda kiasi gani, sare kiasi gani, nyeusi kiasi gani. Chini yake zipo gemu zenyewe za watu wakubwa, unabonyeza unaingia. Ukifika hatua ya nne, askofu e3, na ya tano malkia d2, utaona umeingia kwenye njia ambayo Waingereza waliipa jina la shambulizi la 150, kwa sababu hata mchezaji wa klabu mwenye retingi (namba ya kiwango chake) ya 150 kwa mfumo wao wa zamani aliweza kuicheza vizuri. Mpango wake unaeleweka hata kwa mtoto: askofu na malkia wapange foleni kuelekea h6, umtoe yule askofu wa g7 anayemlinda mfalme mweusi, umfiche mfalme wako upande wa malkia, af usukume kitunda cha h mpaka kieleweke.

Topalov anaujua huo mpango kwa hiyo hafanyi kastlingi mapema, yani ile hatua ya kuhamisha mfalme na ngome kwa pamoja ili mfalme ajifiche. Anacheza c6 na b5, anajiongezea nafasi upande wa malkia. Kasparov f3, farasi e2, halafu hatua ya nane askofu h6, wanabadilishana, malkia anabaki amekaa h6. Na hapa nataka msomaji asimame kidogo, maana hapa ndo gemu yote imezaliwa na kitabu cha Lichess hakitakwambia hivyo, kitakuonyesha namba tu.

Angalia malkia wa h6 anaona wapi. Anaona g7 na f8. Mfalme mweusi yupo e8, akitaka kastlingi ya upande mfupi lazima apite f8, na sheria inakataza mfalme kupita mraba unaoshambuliwa. Kwa hiyo malkia kakaa tu pale, hajatishia kula kitu, lakini kashafunga mlango mmoja. Mfalme abaki katikati au aende upande wa malkia. Na upande wa malkia upoje? Kitunda cha b kipo b5. Hatua ya 12 kitunda cha a nacho kinasogea a6. Hatua ya 13 Topalov anafanya kastlingi ndefu, ya upande wa malkia, anaenda kuishi kwenye nyumba ambayo ukuta wake kashauvunja mwenyewe wakati wa ufunguzi. Hajafanya upuuzi wowote, kila hatua ukiiangalia peke yake ina maana yake. Ila ukiziweka pamoja unaanza kuona kwa nini ule mfalme baadae alikosa pa kujificha.

Nimelikuta hili kwa sababu injini niliizima. Kweli kabisa, kitu cha kwanza ukifungua studi nenda kwenye mipangilio ya studi zima ile injini, usiiruhusu ikupe namba. Ukiiacha inawaka macho yako yanakimbilia namba, imesema +0.4 (nyeupe yuko juu kidogo), sawa, hatua inayofuata, imesema +0.2, sawa, umemaliza gemu na hujajifunza chochote zaidi ya kujua namba zilipanda na kushuka. Weka ubao wa mbao pembeni kama unao, sogeza vipande kwa mkono, kitabu cha ufunguzi kiwe kwenye simu, na kila hatua jiulize huyu bwana anataka nini.

Ukifanya hivyo utamuona farasi. Kwangu mimi farasi ndo shujaa wa hii gemu, na sijaona watu wengi wakimsema. Katoka g1 kaenda e2 hatua ya saba, mahali ambapo kwanza anaonekana anamzuia askofu wa f1. Hatua ya 13 anarudi nyuma c1, mtu anajiuliza huyu vipi, halafu 14 yupo b3, halafu 18 katua a5, anamtishia askofu wa b7, askofu anakimbilia a8 kwenye kona. Yule askofu wa Kasparov aliyekuwa kafungiwa f1 anatoka baada ya kitunda kusogea g3, anakaa h3, na kutoka h3 anaichungulia c8 kwa mbali. Hatua ya 20 malkia anatoka h6 anatoa cheki f4 (anamtishia mfalme), mfalme anapanda a7. Sasa hesabu: mfalme a7, askofu wake kwenye kona a8, farasi wa adui a5, vitunda vimesogea mbele. Bado hakuna kafara yoyote. Kila kitu kimejengwa taratibu toka hatua ya saba.

Kwa hatua ya 24 kuna kitu cha Lichess nakipenda sana. Unatengeneza sura mpya inayoanzia nafasi ya baada ya 23, pale Topalov alipoweka malkia d6 akiomba wabadilishane malkia, halafu kwenye aina ya sura unachagua ile ya kuficha hatua zinazofuata. Mpe mwenzako, au jipe mwenyewe kama hujawahi kuisoma gemu. Watu wengi watabadilisha malkia, ni hatua ya kawaida kabisa. Kasparov alichukua ngome ya d1 akala kitunda cha d4, kitunda kilicholindwa. Yani kaweka ngome nzima mezani, na malkia wake bado kaachwa anatazamana na malkia wa mwenzake.

Topalov akaila kwa kitunda cha c. Ikaja ngome ya pili, e7, cheki. Nayo ukiila kwa malkia umekufa: malkia mweupe anakula d4 na cheki, mfalme b8, malkia b6 cheki, askofu anaziba b7, farasi c6 cheki, mfalme a8, malkia a7 meti, mfalme hana pa kukimbilia, gemu imeisha. Unaona farasi wa a5 na askofu wa kona wanavyorudi kwenye hesabu? Ndo maana nasema usianzie hatua ya 24. Topalov hakuila, akapanda b6, malkia akala d4 na cheki, na mfalme ndo akamla yule farasi pale a5. Farasi alitembea kutoka g1 mpaka a5 ili aje kuwa chambo.

Kuanzia hapo ni mfalme kukimbizwa ubao mzima, na hapa sitaandika kila hatua, nenda ukaisogeze mwenyewe maana utamu wake upo kwenye kusogeza. Mfalme mweusi alipita a5, a4, a3, b4, c3, d2, d1, na akaishia e1, yani mraba uleule ambao mfalme mweupe huanzia gemu. Hatua ya kuitazama kwa makini ni ya 36. Katikati ya vurugu zote zile Kasparov anamrudisha askofu kutoka h3 mpaka f1, nyumbani kwake, kimya, bila cheki, akimshambulia malkia wa c4. Ukimla askofu kwa malkia, nyeupe anacheza malkia c2 cheki, mfalme e1, ngome e7 cheki, malkia anaziba e2, analiwa na ni meti. Niliisimamisha simu pale nikaitazama kwa muda mrefu tu. Hatua ya 44 Topalov alisalimu amri. Na huyu Topalov siyo mtu mdogo, 2005 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa FIDE, shirikisho la chesi duniani, kule San Luis.

Ukishamaliza yote hayo kwa kichwa chako na umeandika unachofikiri, sasa washa injini. Injini yenyewe inaitwa Stockfish, inakimbia humohumo kwenye kivinjari. Na itakushangaza. Itakwambia baada ya ile ngome kula d4, kama Topalov angeiacha tu, akapandisha mfalme b6 badala ya kula, mambo yangekuwa sawa kwa pande zote, hakuna gemu ya kukumbukwa. Itakwambia pia kwamba hatua ya 28 Kasparov alipoweka malkia c3 kulikuwa na kitu kikali zaidi, ngome a7. Haya yote wachambuzi waliyapata zamani, ila kuyaona yakitoka kwenye simu yako kwa sekunde chache ni kitu kingine.

Sasa kuna watu wakiona hivyo wanasema aah kumbe Kasparov alibahatisha. Siwaelewi. Mbele ya binadamu mwenye saa inayokimbia, anayeombwa aamue kama ngome ni zawadi au sumu, kuna tofauti kubwa na mashine inayohesabu mamilioni. Topalov alikula ngome kwa sababu kuila ndo hatua ambayo mtu mwenye hesabu nzuri angeicheza, mpaka uone ile ya pili e7. Injini inakupa jibu la nafasi, haikupi mtu. Mimi naitumia kama msahihishaji, anakuja mwisho na kalamu nyekundu, baada ya mimi kuandika insha yangu.

Turudi kwenye kile kitabu cha ufunguzi maana nina maneno nacho. Kina sehemu tatu na watu wengi wanabaki kwenye ya kwanza tu, ya mabingwa, ambayo inabeba gemu za ubaoni za watu wenye retingi kubwa. Ya pili ni gemu za Lichess zenyewe, na hapa unaweza kuchuja kwa retingi na kwa muda wa gemu. Hii ndo iliyonifungua macho kuhusu Pirc. Mabingwa wanacheza kwa uangalifu, wanajua mpinzani atafanya nini, lakini ukichuja upate watu wa retingi ya 1400 mpaka 1600 unaona ni dunia tofauti, kuna hatua huzikuti kabisa kwa mabingwa lakini kwa watu wa level yako ndo utakutana nazo kila siku, na unaona zinaadhibiwaje. Ya tatu ni ya mchezaji, unaandika jina lako la akaunti, unachagua rangi, inakuletea ufunguzi wako mwenyewe: ukicheza hiki unashinda kiasi gani, kile unapigwa kiasi gani. Mwalimu akikaa na mwanafunzi na hiyo sehemu ya tatu wanajua cha kufanyia kazi kabla chai haijapoa.

Tahadhari moja ya kweli: usizisome zile asilimia kama ukweli wa mwisho. Kadri unavyozama kwenye hatua idadi ya gemu inapungua haraka, na ukifika mahali pamebaki gemu tatu, nyeusi kashinda mbili, hiyo haina maana kwamba hatua ni nzuri. Pengine aliyeshinda alikuwa mkali tu kuliko mwenzake. Angalia idadi kwanza, ndo uangalie rangi. Na ingia kwenye gemu zenyewe uone zilivyoisha, mara nyingi utakuta mtu kapoteza kwa kosa la hatua ya 50 ambalo halihusiani kabisa na ufunguzi.

Mafumbo nayo yamo, na kitu ambacho sikuwa nakiona watu wakikisema ni kwamba unaweza kuyachagua kwa ufunguzi. Unaenda mafumbo kwa ufunguzi, unachagua Pirc, unapewa nafasi zilizotoka kwenye gemu halisi za Pirc. Baada ya kuifumua gemu ya Kasparov, ukiingia kwenye yale mafumbo unaanza kuitambua miraba, h6, f8, na ule upande wa malkia uliolegea. Inakaa kichwani vizuri sana kuliko kukariri mistari.

Kwa walimu na wasimamizi wa klabu za shule, ile sura ya somo shirikishi naomba muijaribu. Unapanga nafasi, unaandika swali, unaweka kidokezo, na kwa kila hatua isiyo sahihi unaandika kwa nini siyo sahihi. Mtoto anacheza, akikosea anasoma maelezo yako, kwa lugha yako. Chukua hii gemu ukaitengenezea sura kadhaa: kwa nini mweusi hawezi kufanya kastlingi ya upande mfupi, farasi wa e2 anaenda wapi, nini kinatokea ukila ngome ya e7. Shule yenye projekta moja na simu moja inatosha kabisa kuendesha kipindi kizima. Na ukiiacha wazi mwalimu wa mkoa mwingine anaitumia. Masomo ya chesi ya Kiswahili yaliyopangwa vizuri hatuna mengi, hapa kuna mahali pa bure pa kuyaweka, kwa nini tusiyaweke?

Upande wa bando hauumizi. Hakuna video za matangazo zinazojichezea zenyewe, ubao na namba ni vitu vyepesi, kwa mtandao wa kusuasua bado unachambua. Kinachokula ni betri pale unapowasha injini, simu ndogo inapata joto haraka, kwa hiyo iwashe kwenye nafasi unazotaka kuzijua tu, pata jibu, zima. Kwenye skrini ndogo pia kubana ubao, kitabu na maelezo kwa pamoja ni shughuli, ukipata kompyuta hata ya kuazima, kazi ya studi ifanyie huko, ya mafumbo fanyia kwenye simu.

Mapungufu yapo na nayasema kwa sababu naupenda. La kwanza, hakuna wa kukushika mkono. Vifaa vyote vimewekwa mezani, lakini hakuna anayekwambia anza hapa, nenda pale, kwa anayeanza kabisa kuna masomo ya msingi ya jinsi vipande vinavyotembea na mazoezi ya mbinu, baada ya hapo ni wewe na juhudi zako. La pili, studi za wazi anatengeneza yeyote, kwa hiyo ukitafuta Pirc utapata nzuri sana na utapata za mtu aliyebandika mistari ya injini bila neno hata moja la maelezo, uchague kwa macho. La tatu, kitabu cha ufunguzi hakisemi sababu. Kinasema watu wamecheza nini na imekuwaje. Ile ya malkia wa h6 kuifunga f8 hutaisoma popote pale, lazima uione mwenyewe au ufundishwe na mtu.

Kuna mitandao ya kulipia ambayo ina kozi za video za magrandmasta, wanakaa wanakueleza ufunguzi saa nzima kwa maneno mazuri, na mwenye uwezo alipie, ni mafunzo mazuri. Ila nawaambia wazazi wanaoniuliza: usianze kulipa kabla mtoto hajazoea kufumua gemu mwenyewe. Kozi inamwambia cha kucheza, kufumua gemu kunamfundisha kutazama. Na akishajua kutazama hata hiyo kozi ataifaidi mara mbili.

Kuhusu gemu zinazoendelea sasa, Lichess wanarusha mashindano makubwa moja kwa moja, Tata Steel ya Januari ikiwemo, hatua zinaingia zinapochezwa. Unaweza kukaa hapa Dar unafuata gemu za kijiji kilekile cha Wijk aan Zee, na ufunguzi wowote unaochezwa unaupekua hapohapo kwenye kitabu. Zima injini na huko pia, ubashiri hatua kabla haijachezwa.

Nyota Lichess naipa zote tano, kwa vifaa na kwa ule moyo wa kutomfungia mtu mlango kwa sababu ya pesa. Ukiweza changia, hata kidogo.

Na ukimaliza hii ya Kasparov, usiuache ufunguzi upoe. Ingiza gemu ya 32 ya Karpov na Korchnoi, Baguio, Ufilipino, 1978. Mechi ya ubingwa wa dunia, anayefika ushindi sita wa kwanza ndo bingwa. Korchnoi alikuwa nyuma 5 kwa 2, akapambana mpaka ikawa 5 kwa 5, na kwenye gemu ambayo ingeamua kila kitu, akiwa na nyeusi, akachagua Pirc. Karpov akashinda na kubaki na taji. Tengeneza sura ya kwanza, zima injini, anza na e4.